Kikokotoo cha elfu thelathini na tano, na mabano yake

Sizungumzii kikokotoo cha mafao. Hicho walimu wastaafu wanakijua kuliko mimi. Hiki ni cha mkononi, cha kisayansi, nimekinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000 baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia 45,000. Nafundisha tuisheni ya hesabu Morogoro, na nilikifuata kwa sababu ya kitufe kimoja tu: FACT, kinachochambua namba kuwa vigawo tasa.

Nilianza kukijaribu ndani ya basi. Kwanza namba yangu ya simu, kama kila mtu. Kisha 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1, yaani 4294967297. Mwanahisabati Fermat aliamini hiyo ni namba tasa, mwenzake Euler akaja kumuumbua mwaka 1732. Kikokotoo kikajibu: 641 × (6700417). Hata Mlandizi hatujafika!

Sasa hayo mabano. Karatasi ya maelekezo, yenye herufi za kutafutia miwani, inaeleza kwamba kinatafuta vigawo tasa vya hadi tarakimu tatu. Masalia yakiwa chini ya 1018081, yaani 1009 mara 1009, hayana ujanja, ni tasa. Ndiyo maana 33550336 inatoka safi: 2 kwa kipeo cha 12, mara 8191. Yakifika hapo au kuzidi, yanafungiwa kwenye mabano. Ni namna yake ya kusema "mimi nimeishia hapa".

Mwanafunzi wangu mmoja hakulijua hilo. Nilimpa 1022117, skrini ikamrudishia (1022117), naye akaandika "tasa" kwa kalamu ya wino na kupigia mistari miwili. Kumbe ni 1009 × 1013. Akanuna: "Mwalimu, mbona ile 6700417 yako ya mabano ni tasa?"

Swali zuri, ikabidi twende ubaoni. Euler alionyesha kuwa kigawo tasa chochote cha 4294967297 ukikitoa 1 lazima kigawanyike kwa 64. Vya chini ya 1000 kikokotoo kimeshavimaliza, na kipeuo cha pili cha 6700417 hakifiki 2589. Katikati hapo zinabaki namba tasa tano tu: 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Tukazigawanya zote kwa mashine hiyohiyo, hakuna iliyoingia. Ya mwisho iliacha baki 94. Basi, tasa. Kwa dakika kumi zile peke yake, hela yangu imerudi.

Mengine: vitufe laini, sola inafanya kazi hata kwa taa ya darasani, kifuniko kimeshaanza kulegea. Mwisho wake ni tarakimu kumi, kwa hiyo mwenye hamu ya kuchambua namba yake ya NIDA atafute kompyuta. Nyota nne. Ukimnunulia mtoto, mweleze habari ya mabano kabla hujamkabidhi.