Muziki wa fataki za nyumbani: nilinunua miksi iliyo tayari, halafu nikatengeneza ya kwangu kwa Audacity

Nimeshafanya fataki nyuma ya nyumba mara mbili sasa, mara ya kwanza kwa miksi ya kununua na mara ya pili kwa muziki nilioukata na kuunganisha mwenyewe kwenye laptopu, na tofauti yake ni kubwa mno kiasi kwamba nimeona niandike yote hapa ili mwingine asipoteze hela na usiku wake kama mimi.

Naanza na ile ya kununua. Ilikuwa mkesha wa mwaka mpya, tumeshanunua fataki zetu, kila kitu kiko sawa, muziki ndo hamna. Nikatafuta mtandaoni nikakuta kuna watu wanauza miksi maalum za fataki, dakika kumi, nyimbo sita zimeunganishwa, nikalipia nikashusha. Jina la waliotengeneza siliweki. Kwenye headphone ilikuwa tamu kweli, inapanda, inashuka, ngoma zinaingia kwa kishindo, nikasema hapa nimemaliza kazi.

Sasa usiku wenyewe. Fataki zetu zilikwisha muziki ukiwa dakika ya sita hivi, ndo kwanza unajiandaa kupanda kwenye ile sehemu yake kubwa ya mwisho, watu wamesimama wanaangalia mbingu nyeusi huku spika inapiga matarumbeta. Yaani ile sehemu nzuri kuliko zote haikuwa na hata cheche moja juu. Na kabla ya hapo, boksi letu kubwa la fataki lilikuwa limewaka katikati ya kipande cha piano ya polepole, mshindo juu ya mshindo, piano haisikiki kabisa. Kitu kingine kilichoniudhi zaidi, waliweka milio ya milipuko iliyorekodiwa ndani ya muziki! Kwahiyo unasikia bomu kwenye spika, watoto wanainua vichwa, juu hamna kitu. Watoto wa dada yangu waliacha kuangalia kabla haijaisha.

Siwalaumu moja kwa moja walioitengeneza, hawakujua mimi nina maboksi mangapi na kila moja linawaka sekunde ngapi, na hawawezi kujua. Hapo ndipo tatizo lilipo. Muziki wa fataki hauchaguliwi kabla ya fataki. Unaanza na baruti yako, unajua inawaka muda gani na inafanya nini angani, ndo unaenda kutafuta wimbo wa kuikalia. Mi nilifanya kinyume, na watu wengi ninaowaona wanafanya kinyume.

Mara ya pili ilikuwa siku ya mama kutimiza miaka 60, na kwa mama sikutaka kubahatisha. Nilikuwa na maboksi saba, yale yenye mirija mingi ndani ambayo unawasha utambi mmoja tu na yenyewe yanaendelea kurusha moja baada ya jingine. Mengi yana muda wake na idadi ya mirusho kwenye karatasi ya nje, lakini kwa yale mawili niliyoyategemea zaidi nilinunua la ziada nikaliwasha wiki moja kabla, simu mkononi inahesabu sekunde. Nikaandika kwenye daftari: 28, 35, 42, 30, 55, 38, 25. Jumla sekunde 253. Halafu kuna kitu wengi wanakisahau, katikati ya boksi na boksi kuna mtu anayetembea. Hawashi la pili mpaka la kwanza limalize kabisa, kisha asogee, awashe, arudi nyuma. Na utambi nao una muda wake, kwa mfano sheria za Marekani zinataka utambi wa fataki za watu wa kawaida uungue kwa sekunde zisizopungua 3 na zisizozidi 9. Sisi tulipojaribu na kaka, kila nafasi ilikula kama sekunde 10. Nafasi sita, dakika nzima ya giza! Kwenye onyesho fupi kama hilo dakika nzima ni kitu kikubwa, na hiyo dakika ndo muziki unaifanyia kazi kuliko muda mwingine wowote, maana fataki zikiwaka watu wanaangalia juu hata usipoweka wimbo wowote.

Nikaongeza sekunde 20 za kuanzia na 15 za kumalizia, nikapata dakika 5 na sekunde 48. Sasa ndo nikafungua Audacity.

Kwa ambao hawajaitumia, ni programu ya bure ya kukata na kurekodi sauti, ipo tangu mwaka 2000, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux. Mimi si mtu wa studio, sijawahi kusomea haya mambo, lakini kwa kazi hii ilinitosha kabisa. Kinachonifanya niipende ni kwamba unauona wimbo. Unaona ule mchoro wa sauti, pale palipovimba ni kelele, palipokuwa pembamba ni utulivu, kwahiyo hata kabla ya kusikiliza unajua huu wimbo unapanda wapi. Ukibonyeza Ctrl na M wakati wimbo unacheza, inakuwekea alama pale pale na unaweza kuiandika jina. Nikawa nasikiliza huku nabonyeza, "boksi 1 linaanza", "boksi 1 linaisha", "kaka anatembea", mpaka wimbo mzima ukawa na ramani yake chini. Jioni tatu hivi nilikaa nayo.

Kuhusu nyimbo zenyewe, nilichojifunza ni kwamba maneno na milipuko haviendani. Mwimbaji akiimba huku boksi linapasuka unasikia nusu ya neno, na ukijaribu kuongeza sauti inakuwa kelele juu ya kelele. Kwahiyo chini ya moto niliweka muziki wa ala tu, ngoma nzito, besi, matarumbeta, na sauti za watu nikazihamishia kwenye zile sekunde 10 za giza. Hapo hapo ndo uzuri ulipojificha, unakuta mlipuko wa mwisho umezima, moshi bado unaelea, halafu sauti ya mtu mmoja inaingia peke yake. Watu wananyamaza wenyewe.

Vyombo vyembamba navyo vinapotea nje, gitaa la nyuzi linalosikika safi chumbani ukilipeleka uwanjani halifiki mbali. Hili si jambo jipya wala. Mwaka 1749 mtunzi wa muziki Handel alipoandika muziki wa fataki za mfalme George II kule London, mfalme alitaka vyombo vya kijeshi tu, tarumbeta na ngoma, hakutaka fidla. Siku yenyewe, tarehe 27 Aprili, jengo la mbao la fataki lilishika moto, lakini muziki ule unapigwa mpaka leo.

Halafu angalia fataki yenyewe ina tabia gani. Zile za dhahabu zinazopasuka na kuning'inia kama makuti ya mnazi, zinashuka taratibu, ukiziwekea mdundo wa haraka unaziharibu, zinataka kitu kirefu, kwaya au nyuzi nzito. Zile zinazotatarika zinapenda vigoma vidogo vidogo vya kasi. Yale maboksi yanayorusha kushoto kulia kushoto kulia, hayo ndo ya mdundo wa dansi, biti 120 kwa dakika au zaidi. Lakini usijisumbue kutaka kila mlipuko uangukie kwenye biti. Biti 120 kwa dakika maana yake kila nusu sekunde kuna biti, na utambi wa mkono unaweza kupishana sekunde mbili tatu, haiwezekani. Wale wanaopatanisha biti kwa biti wanatumia mitambo ya umeme inayowasha kwa kompyuta. Sisi wa kiberiti tulenge sehemu ya wimbo, sio biti. Kama kiitikio kina sekunde 40 na boksi lina sekunde 35, umeshinda.

Kitu ninachojivunia zaidi ni hiki. Nilitengeneza mafaili mawili yenye urefu sawasawa. La kwanza la wageni, muziki tu. La pili la kaka, muziki ule ule lakini umepunguzwa sauti na juu yake nimejirekodi mimi mwenyewe nikisema "jiandae boksi la pili... sogea... washa". Kaka akaliweka kwenye simu yake akavaa kispika cha sikio kimoja, sikio moja tu, la pili lazima libaki wazi asikie kinachoendelea. Tukabonyeza pamoja kwa kuhesabu tatu mbili moja. Na nilimwambia kaka usiku ule ule kabla hatujaanza, ukiona kitu hakijakaa sawa achana na sauti yangu, muziki hauna haraka kuliko mkono wako.

Na kweli boksi la nne halikuwaka. Utambi uliungua ukazima, kimya. Kaka alifanya kama tulivyokubaliana, hakurudi, boksi lililogoma halisogelewi wala haliwashwi tena, unaliacha dakika 20 ndo unalimwagia maji. Hesabu yake ni hii, sekunde 10 za kabla, 30 za boksi lenyewe na 10 za baada, karibu dakika nzima hamna moto juu. Kwa ile miksi ya kununua tungekwisha. Lakini boksi la nne lilikuwa lile la dhahabu linaloning'inia, boksi pekee nililoliwekea sauti za watu mpaka chini ya moto wenyewe, kwa sababu halina kelele nyingi. Na wimbo niliouweka pale ni ule ambao mama huuimba akiwa anafua, tangu tukiwa wadogo, ukiusikia unajua yuko wapi. Mstari wa pili ulipoingia, gizani, shangazi akaanza kuimba, na mama akaimba, wakaimba wote mpaka boksi la tano lilipopaa. Nusu ya wageni mpaka leo wanaamini tulipanga iwe hivyo. Kwahiyo nawashauri sana, katikati ya onyesho weka wimbo ambao unaweza kusimama wenyewe bila moto.

Spika sasa. Mkesha wa mwaka mpya tulitumia Bluetooth na ilikatika mara mbili, nikadhani spika mbovu. Kumbe simu ilikuwa mfukoni na watu wamesimama katikati. Bluetooth inatumia mawimbi ya 2.4 GHz na mwili wa binadamu, kwa sababu una maji mengi, unayameza. Safari hii niliunganisha kwa waya na simu nikaiweka hali ya ndege ili mtu asipige katikati ya boksi la mwisho. Spika nikaziweka mbele ya wageni, upande zinakotokea fataki, sio mgongoni kwao, maana macho yakiangalia huku na sauti ikitokea nyuma inachanganya. Ila ziwe mbali na cheche. Kuhusu kuchelewa kwa sauti, kuna watu wanaogopa sana hili, ila kwa uwanja wa nyumbani msihangaike, sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, mtu akikaa mita 34 toka kwenye spika anachelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Majirani waambieni mapema, na wenye mbwa hasa. Na kama mnataka kuweka video mtandaoni jueni nyimbo za watu zinaweza kufanya video inyamazishwe, mimi yangu ilinyamazishwa, nikabaki na ya kwenye simu tu.

Mwisho wa onyesho nilifanya kitu nilichokiogopa kidogo. Kabla ya boksi la saba nilikata muziki kabisa, sekunde tatu za ukimya mtupu, kwenye Audacity inaonekana kama mstari ulionyooka. Nilijaribu sekunde moja, haitoshi, masikio hayajastuka. Tano zilikuwa nyingi, mtu anaanza kugeuka anauliza kama imeisha. Tatu. Zilipofika nilimuona mama kageuka kunitazama, mdomo umefunguka kama anataka kuuliza, na hapo hapo ngoma zote zikarudi na boksi la mwisho likaenda juu lote, sekunde 25 bila kupumzika, uso wake mwekundu, kijani, mweupe.

Zile sekunde 15 za mwisho nilizoacha baada ya moto, usizikate. Muziki unashuka polepole, moshi unaondoka, watu wanapata muda wa kukumbatiana kabla taa hazijawashwa.

Ile miksi ya kununua naipa nyota mbili, kwa sababu muziki wenyewe ulichanganywa vizuri na kama una mtu wa kukupangia fataki ziufuate labda itakufaa. Audacity tano. Dada ameniomba faili la mama alitumie kwa mwanae, nimemwambia nitampa, ila anitumie kwanza maboksi yake na sekunde zake.