Kliniki ya taya: hawataji ugonjwa kabla ya majibu ya maabara (nyota 4)

Nimemleta hapa mwanangu wa miaka 19. Shavu la kushoto lilimvimba tangu Ramadhani ya mwaka jana, na kwa kuwa halikumuuma tukalichukulia kawaida. Zahanati ya mtaani kwetu walisema ni jipu la jino. Wakampa dozi mbili za antibiotiki, kisha wakang'oa gego. Uvimbe ukabaki palepale, na jino la jirani likaanza kucheza.

Hapa daktari alianza kwa vidole. Alipapasa fizi taratibu, halafu akanivisha glavu, akaniambia, "Mama, bonyeza hapa." Mfupa ukabonyea kama ganda la yai. Mwili wote ulinisisimka.

Kwenye picha ya taya zima niliona doa jeusi lenye vyumba vyumba, kama mapovu ya sabuni, kutoka kwenye magego hadi karibu na sikio. Mizizi ya meno mawili ilikuwa imeliwa. Nikauliza kama ni kansa. Akanijibu, "Inaweza kuwa ameloblastoma, yaani uvimbe unaoota ndani ya taya, inaweza kuwa keratosisti, yaani kifuko ndani ya mfupa. Kwenye picha zinafanana. Nikikutajia leo nitakuwa nabahatisha." Baada ya yale ya zahanati, jibu hilo lilinipa imani kuliko dawa yoyote.

Wakamchoma ganzi. Kwanza walivuta kwa sindano, kuhakikisha ndani hakuna mshipa wa damu, ndipo wakakata kinyama cha kupeleka maabara.

Nyota moja nimeitoa hapa: tuliambiwa siku 10, majibu yakatoka siku ya 16, na hakuna aliyetupigia simu. Nilifuata mwenyewe mara mbili. Mzazi anayesubiri karatasi ile halali, jamani.

Ni ameloblastoma. Si saratani, lakini inakula mfupa, na ikikwanguliwa tu mara nyingi hurudi. Ndiyo maana watakata pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa wenye afya pembeni. Daktari alimchorea mwanangu taya kwenye karatasi, akamwonyesha watakapopita na bamba la chuma la kushikilia taya litakapokaa, akamwambia atarudi kupigwa picha kwa miaka isiyopungua 10. Alikuwa akiongea naye yeye, si mimi, na kijana aliuliza maswali yake yote.

Ukija, beba picha zote za zamani, hata za zahanati. Fika kabla ya saa 1 asubuhi, maana kadi za kliniki ya taya huisha mapema.