Delos kwa siku moja: magofu yanayostahili safari

Kwa anayefika visiwa vya Ugiriki mara ya kwanza, Delos, kisiwa kidogo chenye magofu ya kale, ndiko kwa kuanzia. Boti hutoka bandari ya zamani ya Mykonos, kisiwa jirani, mwendo wa nusu saa hivi. Panda ya kwanza asubuhi. Nauli ya boti na kiingilio cha magofu hulipwa mbalimbali, basi pigia hesabu zote mbili. Kulala kisiwani ni marufuku, kwa hiyo ulizia saa ya boti ya mwisho kabla hujashuka. Kivuli karibu hakuna kabisa: beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, kofia, na viatu visivyoteleza kwenye mawe.

Tenga saa tatu au nne. Simba wa marumaru waliosimama nje ni nakala. Wa asili wamo kwenye makumbusho. Nyumba ya Pomboo, yenye sakafu ya vijiwe vya rangi, ni nzuri mno, usiipite. Kisha panda kilima cha Kynthos, mita 112 tu, uone visiwa jirani vimekizunguka hiki.

Julai na Agosti upepo wa meltemi huchafua bahari na boti hufutwa. Usiiweke Delos siku yako ya mwisho.