Yamaha DBR10 kwenye kumbi ndogo: uzoefu wangu

Napiga muziki kwenye shughuli ndogo hapa Dar es Salaam: kichen pati, bethidei za nyumbani, baa za Sinza na Mwananyamala ambazo zikijaa sana zinabeba watu mia. Spika zangu ni jozi ya Yamaha DBR10, na kwa kazi za ukubwa huo sijaona sababu ya kuzibadilisha.

Ukiingia Kariakoo kutafuta spika, muuzaji ataanza na wati. Msikilize, halafu uliza ni wati zipi. DBR10 inatajwa kuwa na wati 700, lakini hizo ni za kilele, za kufumba na kufumbua. Nguvu inayodumu ni wati 325. Kaka yake mkubwa, DBR12 ya inchi 12, inatajwa kwa 1000, na zinazodumu ni 465. Kwenye karatasi pengo linatisha. Ila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na ili sikio lihisi muziki umekuwa mkubwa maradufu zinatakiwa kama 10. Yamaha wenyewe wanaandika desibeli 129 kwa DBR10 na 131 kwa DBR12. Kwenye baa ya meza kumi na tano, hakuna mteja atakayeitambua tofauti hiyo.

Cha kuumiza kichwa ni besi, na hapa inategemea unapiga nini. Taarab inakaa kwenye sauti ya mwimbaji, kinanda na gita, na spika ya inchi 10 inaitoa vizuri mno. Kina mama wanasikia kila neno la kijembe, ambalo ndilo walilolifuata. Singeli inakwenda mbio, inataka mdundo mkavu usiovutana na unaofuata, na hapo pia DBR10 inanifurahisha. Amapiano ni habari nyingine. Ile besi yake inayotembea inashuka hadi chini ya hezi 50 (hezi zikipungua, besi inazidi kuwa nzito), wakati DBR10 inaishia kwenye 55, tena ikiwa imeshafifia. Usikimbilie DBR12 kwa sababu hiyo, maana yenyewe inaishia 52: unanunua hezi tatu na kubeba kilo tano za ziada kwa kila spika. Chini ya hapo ni kazi ya sabufa, basi. Mimi nakodi sabufa wateja wakitaka amapiano usiku kucha, kisha naweka swichi ya HPF nyuma ya spika, ile inayokata besi, kwenye hezi 120. Spika zinaachana na besi, na sauti za waimbaji zinasafika papo hapo.

Uzito naupa heshima kubwa kuliko wengi wanavyofanya. Kila moja ina kilo 10.5. Napanda nazo ngazi, moja kila mkono, na zote mbili na stendi zake zinaingia kwenye bajaji. DJ wa shughuli ndogo akilazimika kukodi kirikuu kwenda na kurudi, malipo yake yameshaliwa kabla hajapiga wimbo wa kwanza.

Hazina bluetooth, na kwa DJ hilo si pengo. Bluetooth huchelewesha sauti. Unachokisikia kwenye hedifoni na kinachotoka ukumbini vinapishana, na kuunganisha nyimbo kunakuwa kubahatisha. Tumia waya za XLR, zile za pini tatu kama za maiki, kutoka kwenye kontrola unayochanganyia nyimbo. Betri pia hazina, kwa hiyo umeme ukikatika unategemea jenereta ya mwenye shughuli, ulizia mapema. Spika za betri za inchi 6 au 8 zinafaa kwa maiki ya MC na muziki wa wakati wa chakula, lakini watu wakisimama kucheza utazitamani hizi.

Mahali pa kuziweka panabadilisha mengi kuliko modeli. Zipandishe kwenye stendi hadi zipite vichwa vya watu, la sivyo walio mbele wanameza sauti zote kali na wa nyuma wanabaki na mvumo. Chumba kikikosa besi, zisogeze karibu na ukuta. Kwenye kona inaongezeka zaidi, wakati mwingine hadi maneno yanazama. Na taa ya limita, ile kinga inayozuia spika isizidiwe, ikianza kuwakawaka, punguza kwenye kontrola. Kama bado haitoshi baada ya hapo, ukumbi huo unataka spika nyingine mbili, na bei yako iseme hivyo tangu siku ya makubaliano.