Sherehe ya jamii zote katika Ngome ya Lamu: nendeni alasiri, msingoje usiku

Kwa wasio na muda wa kusoma mpaka chini: sherehe hii inastahili nauli ya kutoka Malindi, ila sehemu yake tamu siyo ile iliyochorwa kwenye mabango. Nawapa nyota nne. Ya tano wameipoteza usiku, na nitaeleza namna gani.

Watu wengi walipanga kufika baada ya Isha, jukwaa la uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, linapowashwa taa. Mimi nilikwenda Alasiri kwa sababu ya shangazi yangu wa mtaa wa Langoni, ambaye hapendi kusukumwa na umati. Wakati huo mambo yote yalikuwa ndani ya ua wa Ngome, na kila jamii ilikuwa na pembe yake: Waamu wenyewe, yaani wenyeji wa Lamu, Wabajuni, Wapokomo, Waorma, Wagiriama, Waaweer ambao mjini bado wanaitwa Waboni, na hata jamaa wa Mpeketoni ambao wazee wao walishuka kutoka bara. Hakukuwa na kipaza sauti hata kimoja. Mtu ameketi mkekani pake, wewe unamwendea, mnaamkiana, mazungumzo yanaanza.

Kwa Waaweer ndiko nilikoganda. Walileta asali ya msituni pamoja na mzinga wa gogo, na mzee mmoja akawa anapiga mluzi kuonyesha jinsi anavyozungumza na yule ndege anayeongoza watu kwenye nyuki. Ndege hulia, huruka mti hadi mti, hutua akikungoja, mpaka mfike penye mzinga. Wewe unachukua asali, yeye anabakiwa na nta na mabuu. Kijana wa mjini akamuuliza, "Na nisipomwachia kitu, babu?" Mzee akamjibu bila kucheka, "Siku ya pili atakupeleka kwa simba." Asali yenyewe ni nyeusi na ina ladha ya moshi. Kama umezoea ile ya chupa za dukani, onja kwanza kabla hujanunua.

Pembe ya Wapokomo ilituchekesha. Mama mmoja alianza kuimba wimbo wa kubembelezea mtoto, na watoto wa shule waliokuwa wakipita wakasimama wima, mikono ubavuni, wakidhani shughuli rasmi imeanza. Wala hawakukosea sana. Sauti ya wimbo wa taifa wa Kenya ilitolewa katika wimbo wa Kipokomo wa kulaza watoto. Mama akawatuliza, akaendelea kuimba huku wakimkodolea macho.

Shangazi alichelewa kidogo kuvuka lango. Ngome hii ilikuwa jela kuanzia 1910 hadi 1984, na yeye katika utoto wake alikuwa akikatazwa hata kuchungulia mlangoni. Sasa alikuwa anapanda ngazi polepole, akishika ukuta wa mawe ya matumbawe, na huko juu akaonyeshwa bahari, paa za makuti na vichwa vya watu waliokaa kwenye baraza za Mkunguni. Hakusema mengi. Aliuliza tu wafungwa walikuwa wakilala wapi, kijana wa zamu akamwonyesha.

Na kabla ya jela kulikuwa na kisa kingine, ambacho naona waandalizi wangekisimulia kwa sauti kubwa zaidi. Ujenzi ulianza miaka ya 1810 na ukamalizika 1821. Waamu walikuwa wamewashinda watu wa Pate na washirika wao, ukoo wa Mazrui wa Mombasa, katika vita vya Shela, kisha wakaanza kuogopa kulipiziwa kisasi, ndipo wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said, mtawala wa Omani. Yaani jengo lilikamilishwa kwa hofu ya jirani. Sasa nimeingia ndani yake nikamkuta fundi wa ngozi wa Siyu, kutoka kisiwa hichohicho cha Pate, amekaa karibu kabisa na lango akishona makubadhi, na wateja wake ni Waamu watupu wakipigana bei naye. Jambo hilo lina uzito kuliko hotuba zote nilizozisikia baadaye. Ukiwa na nafasi, pitia pia jumba la makumbusho lililo ukingoni mwa bahari, uone siwa, yale mabaragumu ya heshima, ya pembe ya ndovu ya Pate na ya shaba ya Lamu, zinavyokaa chini ya paa moja.

Chakula: kizuri, foleni mbaya. Mkate wa mofa ulikuwa bado una joto, pweza wa nazi alikuwa laini, viazi vya karai vilikwisha mapema. Kahawa chungu ilimiminwa kwenye vikombe vidogo kama inavyotakiwa, si kwenye vile vya karatasi. Meza nyingi zilipokea M-Pesa, lakini mtandao ulikuwa ukikatika, kwa hivyo bebeni pesa taslimu.

Sasa usiku. Kirumbizi ilinipendeza, siwezi kusema uongo: vijana wawili katikati na bakora zao, zumari likilia, ngoma ikiwachochea, na wazee wakipaza sauti kila pigo linapokingwa vizuri. Mchezo huo unajulikana na kila mtu pale, hauhitaji maelezo. Lakini Wabajuni walipopanda na vave ndipo nilipokasirika. Vave ni nyimbo za wakulima, huimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuchoma shamba, mtu mmoja anatoa na wenzake wanapokea, na raha yake ni kule kurefuka. Hawa waliachiwa waimbe kwa dakika chache, kisha mshereheshaji akawakata katikati ili mgeni rasmi ahutubie. Akafuata mgeni mwingine, na mwingine tena. Waaweer walipofika jukwaani walikuwa na muda wa kupunga mkono tu, na mzee wangu wa mluzi hakusikika kwa ngurumo ya maspika. Viti vya mbele vilikuwa vya walioalikwa. Kina mama wenye watoto walisimama nyuma karibu na kibanda cha soda, hawaoni kitu.

Shangazi alivumilia kidogo, kisha akanishika mkono: "Ndoo twende, mwanangu. Watu wamekwisha kuimba, sasa zaimba mashine."

Nawaomba waandalizi, kama wanasoma: hotuba ziwe mwanzo na ziwe fupi, vave ipewe saa nzima ndani ya ua bila spika, na wazee watafutiwe viti. Pesa iliyolipia yale maspika ingetosha mabenchi.

Kwa wanaotoka Malindi, basi hupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Beba kitambulisho maana kuna vizuizi njiani. Vaa viatu visivyoteleza kwa ajili ya ngazi za Ngome, na ukiwa na watoto wadogo uwashike vizuri kule juu, kuta za pembeni si ndefu kwa mtoto anayependa kuchungulia. Mavazi ya heshima, bila shaka, misikiti iko karibu.

Na kama unataka makubadhi ya yule fundi wa Siyu, mfikie mapema apime mguu wako. Hushona hapohapo, lakini akishapata oda za kutosha hapokei nyingine, hata umbembeleze vipi. Shangazi alijaribu.