Kisu cha Kubadilishana: Makali Imara, Ubapa Mnene
Kisu kilichonifikia safari hii, tulipobadilishana kazi za mikono sisi tunaofua visu vya jikoni kwa kujifurahisha tu, kina ubapa wa milimita 210 wa feleji ya aina ya 1095, ambayo kaboni yake ni takriban asilimia 0.95 na kwa hiyo hushika makali vizuri, ingawa huota kutu upesi isipofutwa maji. Mwenzangu aliizimisha kwa ustadi, yaani aliipasha moto kisha akaipoza ghafla ili iwe ngumu: nilipoyakandamiza makali juu ya ufito wa shaba ya njano yalipinda kidogo, kisha yakarudi mahali pake bila kumeguka.

Kasoro ni unene. Juu kidogo ya makali ubapa umebaki mnene mno, hata karoti haikatiki bali hupasuka kwa mlio, na kipande huruka mezani. Mpini unakaa vyema kiganjani, ila upande mmoja gundi imeziba mwanya ambao ungepaswa kuondolewa kwa tupa. (Mimi niliyempelekea kisu chenye mkwaruzo ubavuni sina haki ya kulalamika sana.) Nimeanza kuupunguza ubapa kwa jiwe la kunolea, na karoti ya jana ilikatika kimya.