Watoto wadogo Kampala: Makumbusho au ngoma za Ndere?

Wazazi wenzangu hapa Kampala huniuliza: mtoto wa chini ya miaka sita umpeleke wapi kwanza, Makumbusho ya Uganda pale Kitante au kituo cha ngoma za asili cha Ndere, Ntinda?

Kwa gharama, Makumbusho yanashinda bila ubishi. Ndere kiingilio ni kikubwa zaidi, na watoto wakinusa nyama choma utatoa tena.

Muda ndio jambo zito. Makumbusho, yaliyoanzishwa mwaka 1908, huwa wazi mchana. Mtoto akichoka mnaondoka, hamjapoteza kitu. Onyesho la Ndere ni la jioni na huchukua saa kadhaa. Wangu wa miaka mitatu husinzia mapajani kabla ya ngoma ya mwisho.

Lakini anarudi nyumbani na nini? Kule Makumbusho vitu vingi viko nyuma ya kioo, na mtoto mdogo anataka kushika. Ninachokipenda mimi ni vibanda vya asili vya makabila nyuma ya jengo: anainama mlangoni, anaingia, anauliza watu walilala wapi. Ndere, mlio wa ngoma anausikia mpaka kifuani. Akiona mchezaji amebeba vyungu vilivyopandana kichwani huku kiuno kinacheza, hapepesi macho. Kesho yake anatembea jikoni na sufuria kichwani.

Mwenye mtoto anayelala mapema, au ambaye mwezi umembana, aanzie Kitante. Mwenye mtoto wa miaka mitano asiyetulia, na aliyelala mchana, Ndere itamfaa zaidi.